Nilimfuta Mshindi wa Mbio za Nyika, Nikala na Wali Wake

Nimekosa, na sitaki kuhurumiwa. Mkimaliza kusoma niiteni mnavyotaka, mimi nimeshajiita yote.

Ni mwalimu mstaafu, naishi Butimba. Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wale wazee wa riadha mnaowaona uwanjani, kofia kichwani, filimbi shingoni, tumbo mbele. Tunawafokea watu wanaokimbia, wakati sisi wenyewe tukipanda ngazi tatu tunahema. Eti waamuzi!

Mwaka huu mashindano ya taifa ya mbio za nyika yamerudi Mwanza. Kamati ikataka kijitabu cha historia yake, nani alishinda na wapi tangu mwanzo. Wakaniomba mimi, wakisema hakuna mwenye kumbukumbu kama yangu. Nikavimba kichwa! Sasa sikilizeni hiyo kumbukumbu yangu ilikuwa imeficha nini.

Zamani, nikiwa mwalimu kijana, mashindano hayo yalifanyika hapa hapa, kwenye vilima vya Ilemela. Wakimbiaji walipanda mawe, wakashuka hadi ufukweni, wakazunguka jabali moja kubwa na kurudi walikoanzia. Ili mtu asikate njia, pale jabalini aliwekwa mwamuzi mwenye vipande vya uzi mwekundu wa sufu. Kila anayezunguka anapewa kimoja, anakuja nacho mkononi. Huna uzi, hujashinda. Mimi nilikaa mezani mwisho wa mbio, naandika majina.

Kwa wanawake, wa kwanza kuingia alikuwa binti wa Magu aitwaye Kabula. Peku! Amevaa sketi ya shule iliyopauka. Hakuna aliyemjua, na nyuma yake hapakuonekana mtu mwingine. Nikamuuliza uzi uko wapi.

"Nimefika pale kwenye jiwe, mwalimu, nikazunguka. Hapakuwa na mtu wa kunipa."

Nilicheka, tena mbele za watu. "Yaani wewe jana ulikuwa unachuma pamba, leo unawatangulia waamuzi?"

"Kuna akina mama wawili wanaanika dagaa pale. Waulize, wameniona."

Mimi, mwalimu mwenye cheti, nikawaulize waanika dagaa! Nilichukua rula nikapiga mstari juu ya jina lake, pembeni nikaandika "amekata njia". Aliyemfuata, akiwa na uzi wake, akapewa kikombe na nafasi kwenye timu ya taifa iliyokuwa inakwenda nje. Kabula alisimama pale muda mrefu, anatazama karatasi yangu. Nikamwambia apishe, anawazuia wenzake.

Baada ya mbio, yule mwamuzi wa jabalini akanivuta pembeni.

"Yule wa peku alinipita nikiwa kwa mama lishe, nanawa mikono. Sikujua kama mtu anaweza kufika mapema vile. Alikuwa ameshazunguka, anarudi."

"Sasa tufanyeje?"

"Tufanye nini? Karatasi si zimeshasainiwa?"

Tukanyamaza. Wanaume wazima wawili tumenyamaza kwa sababu mmoja wetu alikuwa anamalizia ugali na sato! Na mimi sikuishia hapo. Kwa miaka yote niliyofundisha, kisa hicho kilikuwa kichekesho changu cha chumba cha walimu: binti wa pamba aliyetaka kuwatangulia waamuzi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyumbani nilimsimulia hata mke wangu, naye akacheka, maana hakujua.

Basi nikaandika kijitabu. Aibu tupu! Ukurasa baada ya ukurasa ni viongozi na wageni rasmi, nani alikata utepe, nani alipuliza filimbi, picha zao wamekaa kwenye makochi chini ya turubai. Wakimbiaji wenyewe nimewabana kwenye jedwali la mwisho, kwa herufi ndogo. Na kwenye mstari wa mwaka ule, upande wa wanawake, niliandika jina la yule wa pili.

Mke wangu alikisoma kabla sijakipeleka. Akafika kwenye jedwali, akavua miwani.

"Hivi yule binti uliyekuwa unamcheka kila siku, alikata njia kweli?"

Sijui nini kilinishika. Nikamwambia ukweli wote. Hakucheka. Alisema tu, "Kesho tunakwenda Magu."

Haikuwa kazi kumpata. Tulimkuta uani anageuza mpunga juani, mama mtu mzima sasa, na binti yake mkubwa akimsaidia. Alinitambua kabla sijajitaja. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu."

Nikaeleza kila kitu nikiwa nimesimama. Aliendelea kugeuza mpunga mpaka nilipomaliza.

"Baba alikufa anajua nimemtia aibu," alisema. "Alinikataza kukimbia tena. Watu wa hapa wakanipachika jina, Mkata Njia. Watoto wangu wamelikuta." Akarudisha mkono kwenye mpunga. "Yameisha, mwalimu. Mungu katuweka hai."

Kisha akaniuliza jambo moja tu. "Kwenye hicho kitabu nitakuwemo?"

"Utakuwemo," nilisema. "Na sherehe ya ufunguzi uje."

Akachinja kuku. Akatupikia wali. Nilikula vizuri sana siku ile, jamani, nikaongezewa na nikaongezewa tena. Njiani kurudi nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Na hapo ndipo uozo wangu ulipo. Nilipokaa kusahihisha, nikaanza kupiga hesabu za mwoga. Nikibadilisha jina, kamati watauliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, watauliza nimejua tangu lini. Mwenyekiti atanitazamaje? Yule aliyechukua kikombe ni mtu mkubwa sasa, na amealikwa. Halafu nikajiambia, si mwenyewe amesema yameisha? Kashasamehe! Nichokoe ya nini? Nikakipeleka kijitabu kilivyo. Mke wangu nilimwambia nimerekebisha.

Siku ya ufunguzi Kabula alikuja. Kitenge kipya, viatu vipya vinavyombana, binti yake pembeni. Walikaa mstari wa mbele yetu, mimi na mke wangu, hawakutuona. Vijitabu vikagawiwa. Mama akampa binti yake asome, akamwambia aanze na mwaka ule.

Binti akashusha kidole kwenye jedwali. Akarudia. Akageuza kurasa, akapitia picha za wageni rasmi moja moja, kana kwamba mama yake angeweza kuwa amekaa kwenye kochi na wakubwa!

"Mama, haumo."

"Tazama vizuri. Mwalimu mwenyewe alikuja nyumbani."

"Nimetazama, mama. Haumo."

Mke wangu alisikia. Alinyanyuka, akaenda kukaa karibu na Kabula, na hapo alibaki mpaka mwisho. Jukwaani yule wa pili aliitwa bingwa, akapunga mkono, watu wakapiga makofi. Na mikono yangu, mnisikie vizuri, nayo ikapiga makofi.

Wakati wa kutoka tukagongana uso kwa uso. Nilitamani anitukane. Nilitamani hata anizabe kofi mbele ya kamati nzima. Alipiga goti lile lile.

"Shikamoo mwalimu."

Nikaitika. Marahaba! Nilithubutu kuitika, kisha nikaharakisha kwenda kupiga picha na mwenyekiti.

Sasa mke wangu ananipakulia chakula na kuondoka mezani. Waumini wenzangu kanisani wananipongeza kwa kitabu. Kuna mmoja ameniomba nisaini nakala yake, nami nimesaini!

Ninyi mnaoshika kalamu na filimbi, makatibu, waamuzi, waandishi wa historia za wakubwa, mnajua mmemruka nani. Msiende kumwomba msamaha kwanza. Mtu mwema atakusamehe, na wewe ukishasamehewa utalala usingizi wa pono na kazi itabaki pale pale. Rekebisha kwanza, ndipo ukabishe hodi.

Na msidhani barua hii imenisafisha. Jina langu sijaliandika. Hata Kabula si jina lake. Nimelibadilisha nisije nikajulikana.