Hodi Katikati ya Biri

Watu wanaotengeneza filamu husafiri. Mimi nilitengeneza yangu chumbani kwangu, Msambweni, kando ya kitanda, kwa sababu nikifika Kombani tu huanza kuwaza ni nani atakayenifungia dirisha mvua ikija. Majirani huniita mwali, mwanamume mzima. Mwali wa watu hukaa ndani akisubiri mume; mimi, wanasema, haijulikani nasubiri nini.

Filamu ilimhusu shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na biri zake: zile sigara nene za jani tupu, zisizo na karatasi, wanazovuta wageni kule Diani huku miguu imezama mchangani. Alifundishwa kuzisokota na marehemu mumewe, aliyekuwa na kishamba cha tumbaku Mkongani, na kwa miaka mingi duka moja la hoteli lilikuwa likizinunua. Nilikwisha kumrekodi kwa simu akiyasimulia hayo. Nilikuwa na picha za majani yanayoning'inia darini, nilikuwa na duka, nilikuwa hata na mgeni akikohoa kwa furaha. Kilichokosekana ni biri moja tu, isokotwe tangu mwanzo mpaka mwisho mbele ya simu bila kukatizwa. Bila hiyo nilikuwa na filamu ya mpishi asiyepika.

Naye shangazi alikuwa ameacha kazi. Alijaaliwa nafasi ya kwenda Hija, akaapa kwamba hatafika Makka na vidole vinavyonuka tumbaku. Kishamba kikapandwa muhogo. Nikambembeleza mpaka akachoka, akaja na furushi dogo ndani ya kanga yenye maji.

"Jani la nguo limebaki hili hili," akasema. "Likipasuka, usije ukanililia."

Nguo ndilo jani la nje, jembamba, linalovishwa juu ya mengine. Likipata upepo hukauka, likikauka hupasuka. Basi dirisha nikalifunga, feni nikaizima. Mlango nao nikautia ufunguo, maana mtaani kwetu watu hupiga hodi kama wanavyopumua. Simu niliifunga kwa mpira juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Chumba kikawa chungu kilichofunikwa, na sisi ndio mchuzi.

"Leo umekuwa mwali kweli," shangazi akasema. "Umejitia ndani mwenyewe."

Akakaa mkekani, kibao mbele yake, akaanza kuyakusanya majani ya ndani kiganjani. Nilijibana pembeni baina ya kitanda na kabati, nisiangushe kivuli kwenye kibao. Alipolitandaza jani la nguo, nikasikia:

"Hodi!"

Nilimjua kwa sauti: jirani yetu anayechoma mahamri. Nikamwekea shangazi kidole mdomoni. Mdomoni mwangu, yaani.

"Hodi wenyewe! Mwali, umelala? Ala! Ndara za kike hizi mlangoni. Na dirisha limefungwa, jua lote hili!"

Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Mabega ya shangazi yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Haya," jirani akasema. "Asalaam aleikum, nyinyi mlio ndani."

Hapo nilijua nimekwisha. Hodi isiyojibiwa ni aibu, nayo ingekuwa yangu. Salamu isiyojibiwa ni dhambi, na mtu wa kwenda Hija hakuwa tayari kuibeba kwa ajili ya simu yangu.

"Waaleikumu salaam warahmatullah," akajibu, mikono ikiendelea. "Karibu, mwanangu. Mimi ni shangaziye. Hakuna harusi humu."

"Alaa! Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mbona mmejifungia?"

"Twasokota tumbaku."

"Na Hija?" jirani akauliza.

"Ndiyo ya mwisho hii."

"Haya, fungueni basi. Nimeleta bakuli lenu, na mahamri yangali moto."

Nikaona bora nifungue upesi, nilipokee bakuli, nifunge, kisha sauti nitaikata baadaye. Nikageuza ufunguo. Nusu nikabaki nayo mkononi, nusu ikabaki ndani ya kitasa. Dirisha lina nondo. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kutoka nje, hata kama ni Kombani.

Jirani akaita watu. Watu walikuja, na kila aliyekuja alimwamkia shangazi kupitia mlangoni, naye kila mmoja alimwitikia kwa ukamilifu: habari za goti, za mazishi yaliyompita, za ng'ombe wa mtu fulani. Mikono haikusimama. Ingesimama vipi? Jani lilikuwa limekwisha kuanza kujikunja ukingoni.

Kisha fundi akafika na patasi. Pigo la kwanza lilitikisa mpaka kibao.

"Ngoja!" nikapiga kelele.

"Ningoje nini? Si mmefungiwa?"

"Tumefungiwa, lakini ngoja!"

Nje wakacheka. "Mwali hataki kutolewa!" Shangazi hakucheka. Jani lilikuwa limefanya ufa mdogo, mwembamba kama uzi. Akaukanda kwa pembe ya kanga ile ya maji, akavuta pumzi, akaligeuza upande, ufa ukaingia chini ya mkunjo uliofuata. Akazungusha mpaka kichwani, akabandika kwa uji wa muhogo. Akailaza biri kibaoni.

"Haya," akawaambia, "vunjeni."

Nilijaribu baadaye kuziondoa zile sauti na kutia muziki mahali pake. Mikono ikawa kama ya mtu asiyekuwepo. Ukizirudisha, unaona vidole vinapunguza mwendo anapotajiwa marehemu mumewe. Nimeziacha zote, pamoja na hilo la mwali. Mlango ungali umeegemezwa ukutani. Nimetundika pazia, na siku hizi watu huingia bila hodi.

Siku ile, watu walipokuwa wakipokezana biri na kuinusa, shangazi aliniagiza ndimu na sabuni. Akanawa uani, akaninyooshea vidole ninuse.

"Bado?"

"Bado," nikamwambia.

"Lete ndimu nyingine."