Daktari wa Filamu na Dozi Iliyokatika Katikati

SAA tatu na robo asubuhi, mwanamke wa miaka 51 anainamia kompyuta ndani ya kibanda chake chenye upana wa kitanda. Nyuma yake amesimama fundi cherehani wa mlango wa tatu, futi ya kupimia ingali shingoni. Binti wa fundi huyo, wa miaka 17, ameondoka nyumbani alfajiri na begi. Simu za mama hapokei.

"Ulimpa picha gani?" fundi anauliza. "Niambie, dada. Ulimpa nini mwanangu?"

Mwenye kibanda, wateja humwita Daktari. Kwa miaka 19 amekuwa akiwawekea watu filamu kwenye flashi, lakini sifa yake ni kuchagua: unamweleza linalokusumbua, anakupa picha. Zamani alihudumia watu sitini kwa siku. Tangu kila mtu awe na sinema mfukoni, akipata kumi na watano anashukuru. Sharti lake moja halijabadilika: mwisho hausimuliwi.

Jana binti alikuja amenuna. Mama anataka abaki dukani ashone, yeye anataka chuo cha mbali. Daktari akampendekezea filamu ya ng'ambo, kisa cha msichana wa mji mdogo anayegombana na mama yake, kisha anapanda treni bila hata kuaga.

"Humu mna filamu elfu nne, nikamchagulia hiyo kwa moyo mweupe," anasema.

Sasa kompyuta inamuumbua. Filamu ina sehemu mbili, na iliyonakiliwa ni ya kwanza tu. Flashi ilijaa, ya pili ikagoma, naye alikuwa anapiga soga na mteja mwingine. Sehemu ya kwanza inaishia treni ikiondoka.

Wengi wangenyamaza. "Mficha maradhi kifo humuumbua," anasema, kisha anamweleza fundi yote. Fundi anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Na mwisho wake? Anarudi?"

Daktari anavunja sharti. "Harudi, dada. Anabaki huko huko. Ila anampigia mama yake simu."

Anamwandikia binti ujumbe: "Nilikupa nusu. Sehemu ya pili ninayo." Dakika thelathini na tano zinapita, fundi akiizungusha futi kidoleni. Jibu linaingia: "Anarudi?"

"Mwambie anarudi!" Fundi anamshika mkono. "Andika hivyo, nakuomba!"

"Nikimdanganya leo, hatatuamini tena, mimi wala wewe." Anaandika: "Mwisho sisemi. Njoo uone."

Fundi anamtazama kama anayetaka kumrarua, na huwezi kumlaumu.

Simu inalia. Si ya Daktari. Fundi anaipokea kwa mikono miwili.

"Mama," sauti inasikika hadi mlangoni, "niko stendi. Sijapanda. Usinigombeze kwanza."

"Sigombi, mwanangu. Sema wewe, leo mimi nasikiliza."

Daktari anafuta macho, ananakili sehemu ya pili na kuikagua mara mbili. Anatamani kukipanua kibanda, aweke benchi na televisheni, "ili dozi imezwe mbele yangu." Kwa leo ameazima kiti cha pili kwa kinyozi jirani, akakiweka kando ya chake, mbele ya kompyuta.

"Wakija wote wawili nitawawashia," anasema. "Halafu mimi nitatoka nje."