Daktari Aliyekunja Pua

Yule daktari simpendi mpaka leo, na wala sitafuti sababu ya kumpenda. Mungu anisamehe. Nikipita na basi pale kliniki yake, nikitoka Brooklyn Center, huku ughaibuni tunakoishi, kwenda mjini, nageuza uso nitazame ng'ambo ya barabara. Kinyaa kinanipanda palepale.

Nilimpeleka mama. Daktari wake wa zamani alikuwa amehama, na mama alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kimekataa kupona. Ana kisukari, mama yangu. Mdogo wake kule Tanga alianza na kidonda cha namna hiyohiyo, akaishia kukatwa mguu juu ya goti. Hilo tulilijua sote wawili, na hakuna aliyelitaja tulipokuwa tunajiandaa asubuhi ile.

Na alijiandaa kwelikweli. Mama haendi kwa daktari kama anayekwenda sokoni. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa gauni lake la kuendea harusini, akajitanda khanga mpya, juu koti zito la baridi, chini soksi nyeupe na mabuti ya theluji. Kipimo chake cha madaktari ni kimoja tu, mkono. Daktari akimshika kwa adabu, hata dawa isipofanya kazi atamsifia miaka. Nikamwambia tukifika tu aseme habari ya kidonda. Akanitazama kama nimemvunjia heshima.

"Siwezi kumnyooshea mtu mguu hajaniambia nivue," alisema. "Yeye ndiye daktari. Ataniambia."

Basi tukakaa kwenye kile chumba kidogo, tukamngoja. Aliingia anatafuna. Sijui alikuwa anatafuna nini, ila alijipangusa vidole kwenye suruali, ndipo akatupa mkono. Mama akaupokea kwa mikono yake miwili. Akaketi akatugeuzia ubavu, akaanza kugonga kompyuta, na kila swali akaniuliza mimi. Analala vizuri? Anakula nini? Dawa anameza? Mwenyewe kakaa hapo, mtu mzima na akili zake timamu, anasemwa kama gari lililoletwa gereji. Nikimtafsiria, mama anajibu taratibu, kwa heshima zote, na kabla sijamaliza kurudisha jibu yule bwana keshafika swali jingine. Mwishoni akasema mama ana nguvu sana kwa umri wake. Mama akatabasamu. Mabuti yangali miguuni, kamba zimefungwa vilevile.

Nami nasubiri. Namtazama mama, namtazama daktari. Aseme tu, vua viatu, mama. Basi, si zaidi ya hapo. Unamtibu mgonjwa wa kisukari, jamani, unaachaje kumwangalia miguu? Akasema turudi baada ya miezi kadhaa, akainuka aende zake.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia hatoki mtu chumba hiki mpaka mguu huu uangaliwe. Nilisema kwa Kiingereza, lakini sauti mama aliielewa, akaniashiria nishushe. Sikushusha. Nikapiga magoti mwenyewe, nikamfungua buti, nikamvua soksi.

Kidonda kilikuwa kinanuka, siwezi kukana. Kilikuwa kimeshinda ndani ya buti lile tangu asubuhi. Yule daktari hakuinama. Alisimama hukohuko mlangoni, akakunja pua, akajiziba na mkono wa koti lake, akasema atatuelekeza kwa mtaalamu wa vidonda. Kisha akaufungua mlango wazi, chumba kipate hewa. Watu wakawa wanapita koridoni, wanachungulia mguu wa mama yangu.

Mtu aliyeingia anatafuna, akajifuta kwenye suruali, ndiye wa kuona kinyaa! Nilitamani nimtapikie viatu. Na mama hakuhitaji nimtafsirie kitu. Ule uso aliuona vizuri kuliko mimi. Alivuta soksi yake harakaharaka, akatumbukiza mguu butini, halafu akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru. Kwenye basi mguu kaurudisha nyuma kabisa chini ya kiti.

Miadi ya huyo mtaalamu ilikuwa mbali mno, na kidonda hakisubiri. Nikauliza huku na huku mpaka nikampata daktari mwingine, mwanamke wa makamo, kule mtaa wa Phillips. Jirani yetu Mkenya aliniapia kwamba huyo anakaa kwenye kigoda na mguu wa mgonjwa anaupakata mapajani. Mama akasema haendi. Nikabembeleza, nikanuna, nikamtajia mama mdogo na ule mguu wake, mpaka akakubali kwa shingo upande.

Asubuhi ya safari alikawia bafuni. Nikagonga, nikaingia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa bafu, mguu kaupandisha juu ya goti, na mkononi kashika chupa yake ya marashi, ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani na ambayo hujitia tone tu siku za sikukuu. Ilikuwa tupu. Yote alikuwa amekimiminia kidonda. Kinamchonyota, machozi yanamtiririka, na meno kayauma asipige kelele.

Aliponiona akaushusha mguu, akaninyooshea.

"Nusa, mwanangu," akaniambia. "Bado kinanuka?"