Mti wa Mei Hauvishwi Tunda la Dukani

Saa kumi na mbili asubuhi, Zelmira Omier anaburuta ngazi ya mbao kutoka kibarazani kwake hadi njia panda ya kanisa, ambako mti wa Mei umesimikwa tangu jana. Anaiegemeza, anaitikisa kuona kama imekaa sawasawa, kisha anaketi kwenye kipago cha chini.

Mti uko mtupu, na yeye hana cha kupanda nacho.

Hapa Pigeon Bight, mji mdogo wa pwani ya Karibi ya Nikaragua, Bi Zelmira anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mkate wake wa nazi, anaouza mlango kwa mlango. La pili ni mti huu, unaosimikwa kila mwezi wa Mei na kuvishwa matunda kwa ajili ya ngoma. Ana umri wa miaka 58, na ameuvisha tangu shangazi yake alipoishiwa nguvu za magoti.

Kila nyumba huleta tunda moja lililoota uani kwake. Mvishaji hufunga la kwanza, nalo sharti litoke uani kwa mvishaji mwenyewe. Hapo ndipo ngoma hulia, watu wakazunguka, na kila anayecheza akachuma. Mti usio na tunda hauzungukwi.

Mwaka juzi kimbunga kilipita na miti yetu. Mshelisheli wa Bi Zelmira, uliowalisha watoto wake wanne, ulilala juu ya jiko lake. Mwaka jana hatukucheza kabisa, kwa sababu tulikuwa bado juu ya mapaa tukigongelea mabati.

Mwaka huu kamati ya sherehe iliagiza maboksi ya matofaa kwa boti. Matofaa mazuri, mekundu, yanang'aa, kila moja na kibandiko chake. Bi Zelmira aliyarudisha.

"Bi Zelmira, mti hauna ulimi," alimwambia mwenyekiti, Alrick Hebbert, mbele ya watu. "Hautasema tofaa limetoka wapi."

"Hauna, lakini mimi ninao," akajibu.

Mtaa mzima ulinuna. Wapo waliosema kiburi cha mwanamke mmoja kitawanyima watoto sherehe mwaka wa pili mfululizo. Sitaficha, nami nilikuwa miongoni mwao.

"Unadhani sikusikia?" ananiambia, mikono yake imelala juu ya aproni. "Shangazi alinikabidhi mti umevaa. Ukiisha mikononi mwangu, nitamwambia nini? Na nikiupamba kwa vitu vya dukani, si utakuwa umeisha vilevile?"

Jua linapanda. Watu wanachungulia madirishani, wanarudisha mapazia. Wapigaji ngoma wamekaa kwenye ngazi za kanisa, na mmoja wao analipangusa taya la punda analolipiga, mfupa ambao meno yake hulia kama kayamba, ingawa halina vumbi.

Anayetoka kwanza ni Bi Ermine Sambola, jirani wa uzio mmoja na Bi Zelmira. Hawa wawili wamegombania kuku, moshi wa jiko, hata kivuli. Leo anakuja na ndimu tatu ndani ya leso.

"Haya, panda ufunge," anasema.

"Siwezi kufunga yako kabla ya yangu, na mimi sina kitu. Unajua sina."

"Moja hii ni yako."

"Usinitanie asubuhi hii, shoga. Mndimu uko kwako."

"Shina liko kwangu. Mizizi je? Imepita chini ya uzio, inakunywa maji yako ya kufulia. Unadhani ndimu zangu zinanuka sabuni kwa nini?"

Naona Bi Zelmira anatafuta kosa katika hoja ile, kwa kuwa si mwanamke wa kukubali kitu kwa kuonewa huruma. Halipati. Anachukua ndimu moja, anainusa, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kisha anapanda.

Ndimu moja juu ya mti mrefu namna ile ni kitu kidogo mno, lakini milango ikaanza kufunguka. Fundi wa mashine za boti, Dilworth, akaja na muhogo begani.

"Huo si tunda," Bi Zelmira akamwambia kutoka juu.

"Umeota uani kwangu. Au sheria imebadilika leo?"

"Wewe Dilworth, utanivunjia mti."

"Basi ufunge chini, mama. Nao ucheze."

Akaufunga. Baada ya hapo zikaja ndizi mbichi, boga, pilipili nyekundu moja tu, nanasi lisilozidi ngumi, nazi iliyokwisha kuchipua. Bwana Alrick alileta papai changa, amelifunika kwa kofia. Bi Zelmira alilipokea bila kutaja matofaa, na kwa jinsi ninavyomjua, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda ngazi.

Nimeuona mti huu tangu utotoni ukiwa umeelemewa na maembe. Sijawahi kusimama chini yake nikashindwa kufunga mdomo kama siku ile. Ulikuwa kichekesho, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Kila tulichoachiwa na kimbunga kilikuwa pale juu, kinaning'inia mbele ya macho yetu. Wazee walivua kofia. Ngoma ilipolia, Bi Zelmira alifungua mzunguko, kiuno kikiongea na miguu ikitulia, kama wachezavyo wanawake wa zamani.

Kwa kawaida tunachochuma tunakila papo hapo. Safari hii hakuna aliyekula. Kila mtu alikishika alichochuma mkononi akaenda nacho nyumbani, kutafuta pa kuzika mbegu.

Bi Zelmira aliwaachia wengine wachume, hana tunda la kuzika. Ila mzizi wa mshelisheli wake ulioanguka umetoa chipukizi, linamfika gotini. Mvua zikikolea, anataka kulihamisha.

"Nitalipanda kwenye uzio kabisa," anasema. "Ning'oe mbao mbili, liwe katikati, nusu kwangu nusu kwake. Likizaa, tuone nani atasema ni lake peke yake."

Alikuwa hajamwambia Bi Ermine, alinisihi nisimtangulie. Lakini kuta zetu ni mbao tupu, na maneno hupenya. Jana nilipopita, mbao mbili zilikuwa zimeshang'olewa, zimeegemezwa ukutani upande wa Bi Ermine, na shimo lilikuwa limechimbwa.