Mkono Uliotua Utosini

Mimi ni mzee wa kuuza ng'ombe pale Bisil. Watoto huniinamishia kichwa nikiguse, ndiyo salamu yetu Wamaasai. Sasa shingo ikakataa kugeuka, na Parsaloi, rafiki wa rika langu, akanipeleka saluni Kitengela. Msichana wa hapo, sawa na kitinda mimba wangu, alikuwa amesomea kukanda kichwa na mabega: anabonyeza na vidole kama Wachina, halafu anasugua polepole na mafuta kama Wazungu. Nikamwambia mimi si mtu wa starehe. Muda si muda nilikuwa nakoroma.

Ndotoni nilimwona nyanya yangu. Mkono ukatua utosini, na mimi, na mvi zangu zote, nikainamisha kichwa nikamsalimia kwa adabu, "Supa, koko." Yaani, hujambo, nyanya.

Kumbe nimesema kwa sauti, saluni nzima ikasikia. Msichana akajibu kwa upole, "Ipa, mtoto wangu."

Parsaloi alikuwa ameketi kiti cha pili.

Siku ya soko Bisil, nilinyoosha mkono kusalimia wazee wenzangu. Wote wakapitisha mikono yao juu ya wangu, wakanigusa kichwa. Shingo ilikuwa imepona kabisa, iliinama bila shida.