Mwalimu Kumi Kamili

Watoto wa chekechea walimwita Mwalimu Kumi Kamili kwa jinsi alivyowavusha kumi. Alinyoosha mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, akapaza sauti, "Kumi kamili!" Mtoto aliyeitwa mbele akaongeza vidole vyake vitatu, na darasa zima likaitikia, "Kumi na tatu!" Masika walihesabu hivyo makopo ya kukinga mvua barazani, kiangazi wakahesabu majani makavu ya uani. Aliyepita mikononi mwake hakubabaishwa na kumi na tisa.

Likizo ya mavuno alikwenda kumsaidia mdogo wake wa kiume kupukuchua mahindi. Mdogo mtu ndiye aliyeendesha mashine. Gunzi lilikwama, dada akaingiza mkono kulichomoa, na mdogo wake akadhani ameshautoa, akaiwasha tena. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda na magunzi.

Alirudi kazini wakati wa kipupwe. Asubuhi ya kwanza, kwa mazoea tu, akanyoosha mikono. "Kumi ka..." Msichana wa benchi la mbele, asiye na ubaya wowote, akahesabu mpaka mwisho.

"Mwalimu, havitoshi."

Jirani yake akaanza kulia, na kilio cha watoto wa umri ule huambukiza kama mafua.

Basi akaokota njiti uani, azifunge kumi kumi kwa uzi. Mkono ukagoma, fundo likafumuka kila alipolikaza, mwisho akakaza kwa meno. Fungu moja na njiti nne pembeni: kumi na nne. Watoto walielewa upesi. Lakini wakati wa kutoka nje kucheza, wote waligombania kumshika mkono wa kushoto.

Haukupita muda mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Mama, ajali haina kinga, tunajua. Ila wazazi wanalalamika. Watoto wanaweweseka usingizini."

"Kuhesabu wanajua?"

"Wanajua. Wala si hilo."

Akahamishiwa stoo ya viti na mikeka. Kupitia ukutani alimsikia mwalimu mpya, binti mchangamfu, akifundisha kwa mafungu yale yale ya njiti. Alifundisha vizuri, na hilo ndilo lililomchoma.

Muda wote huo mdogo wake hakukanyaga kwake. Majirani walisema ana roho ngumu. Dada alijua ni aibu tu. Masika yalipoanza, akatokea mlangoni amelowa chapachapa, gunia la mahindi begani. Akalitua kizingitini.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo. Ingia, utaugua."

Akakaa ukingoni mwa kiti, macho yakizunguka popote pasipokuwa na ule mkono. Akazungumzia mvua, akazungumzia barabara.

"Ile mashine bado ipo?" dada akauliza.

"Niliiuza. Kwa bei ya kutupa."

"Umejitia hasara bure. Mashine ina kosa gani?"

Alitaka kumtua mzigo. Mdogo wake akasikia kingine: kwamba mwenye kosa ni yeye. Akajifunika uso kwa viganja. Dada akainuka amshike bega, kisha akasita, hajui atumie mkono upi. Alipokata shauri, mwenzake alikuwa ameshasimama.

"Mvua imepungua, ngoja niwahi," alisema, na nje ilikuwa ikimwagika.

Dada alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akaliburuta gunia ndani, lisilowe zaidi.