Wa Mwisho Kuvuka

Bi Lụa alikuwa na tabia iliyowakera wanawe wote watano: hali chakula mpaka kila mtu ashibe. Kwenye kibanda chake cha wali wa chenga, sokoni Trà Vinh, nchini Vietnam, aliwapakulia kwanza mumewe, halafu wateja, halafu majirani, halafu paka. Yeye alimalizia na ukoko, akiukwangua sufuriani kwa kelele za kuumiza meno. Ukimwambia akae ale na wenzake, atakujibu kwamba ameapa.

Na kweli alikuwa ameapa. Katika pagoda ya Wavietnamu, hekalu lao la Kibudha, mbele ya watawa na moshi wa ubani, aliweka nadhiri ya bodhisatva: hatavuka kwenda Nirvana, ng'ambo kusikozaliwa tena, mpaka viumbe wote wamevuka, yeye awe wa mwisho.

"Hata ruba?" mumewe alimuuliza siku ile.

"Hata ruba. Hata dada yako."

Mumewe, Mzee Sokhon, alikuwa Mkhmer, kabila jingine, na pagoda yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Huko wanafundishwa kila mtu azime moto wa nyumba yake kwanza. Anayefika mwisho wa njia wanamwita arahati. Hazaliwi tena, kazi imekwisha, kwaheri. Mafundisho hayo yalimkaa Sokhon vizuri sana, maana hata karamuni alikuwa wa kwanza kunawa. Miaka arubaini na sita walibishana hayo kila jioni, yeye akimwita mkewe kondakta, mkewe akimwita mtoro.

Alipotimiza sabini, Sokhon alikuja kibandani na kukaa bila kuagiza chakula, jambo lililomshtua hata paka.

"Mama Hên, nataka kunyoa kichwa."

"Kinyozi si yule pale?"

"Kunyoa niwe mtawa. Mkuu wa pagoda amekubali. Ila anasema mwenye mke hapokelewi mpaka mkewe aende mwenyewe akaseme ndiyo mbele ya watu."

"Basi atasubiri sana," alisema Bi Lụa, akaendelea kugeuza samaki.

Miezi mitatu hakusema ndiyo. Mara paa linavuja, mara bata wanaharisha, mara yeye mwenyewe ana mgongo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Wanawe walikuwa mjini kila mtu na mambo yake, na mtu wa kubishana naye jioni alikuwa mmoja tu. Sasa huyo mmoja anataka kutangulia na kumwachia vyombo, kama kawaida yake.

Akaenda kushtaki kwa Mama Diệu Hòa, mtawa aliyempa nadhiri. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage.

"Uliapa utavuka baada ya nani?"

"Baada ya wote."

"Mzee wako yumo kwenye hao wote?"

Bi Lụa alichota maharage, naye akaanza kuchambua.

"Basi yeye ana haraka, wewe umemshika shati. Hiyo foleni yako itasogea lini, mwanangu?"

Alirudi nyumbani amenuna njia nzima. Wiki iliyofuata alisimama ndani ya pagoda ya Wakhmer, akaulizwa kama ameridhia. "Nimeridhia," alisema. "Mkaidi huyu akivuka, waliobaki ni rahisi." Watu wakacheka. Sokhon, kichwa kinang'aa, masikio yamesimama, hakucheka.

Asubuhi ya tatu watawa walipita sokoni na bakuli zao, kumi na wanne, peku, macho chini. Bi Lụa alivua ndara akaanza kupakua, akimtafuta mumewe mbele, alikozoea kumwona. Hayupo. Alikuwa amesahau kwamba watawa hawapangwi kwa umri wa kuzaliwa. Wanapangwa kwa siku walizovaa joho. Mzee wa miaka sabini alikuwa mkiani kabisa, nyuma ya kijana ambaye yeye Sokhon alimfokea juzi tu kwa kuiba maembe. Nyuma yake alikuwepo mbwa wa pagoda, basi.

Aliwapakulia wale kumi na watatu kwa mkono wake uleule usiojua kubana. Sokhon alipofika, kijiko kiligonga chuma. Wali umekwisha. Bi Lụa aliingiwa na aibu, akainama, akakwangua, akaweka ukoko mweusi kwenye bakuli la mumewe. Ilibidi amkaribishe kwa heshima kama mtawa yeyote.

Mtawa hachagui chakula, hashukuru, hasemi ila baraka. Sokhon aliomba baraka kwa sauti ya chini, akamaliza, lakini hakuondoka. Aliangalia ndani ya bakuli. Kisha akakosea kanuni siku ya tatu tu ya utawa wake: aliinua macho.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa ukila," alisema.

Miaka arubaini na sita Bi Lụa alikuwa ameisubiri sentensi hiyo, na majibu yake alikuwa nayo mengi, mengine makali.

"Tembea, Baba Hên," alimwambia, akijifuta macho kwa kitambaa cha jikoni. "Wenzako wamefika mbali."

Kesho yake, kabla mtawa wa kwanza hajatokea, alichota wali wa juu, ule mweupe, akaufunika kando kwa ajili ya wa mwisho.